Vidonge Saba vya Ushahidi

Mama Spana alipewa kiti, akakisukuma kwa goti. Akawa anazunguka chumba cha daktari, hatua nne kwenda, nne kurudi, akichechemea kwa unyayo uliokatwa baka jeusi la saratani mwaka jana.

"Kaa basi, mama," bintiye akasema. "Unamtia daktari kizunguzungu."

"Nimekaa miezi saba, inatosha!"

Akabwaga kikopo mezani. Ndani yake mlikuwa na vidonge saba, kimoja kutoka kila chupa ya mwezi aliyopewa. Miaka ishirini na mbili alitengeneza mashine za kiwanda cha nyuzi, na wenzake walipomchagua awasemee alijifunza jambo moja: chochote wanachokugawia wakubwa, weka sampuli. Ndivyo walivyowanasa wakubwa hao wakitia maji kwenye maziwa ya wafanyakazi.

"Chupa za kwanza ziliyeyusha uvimbe wa kinena. Sasa umerudi, na mwenzake kaja. Nani kachakachua dawa? Pimeni!"

Daktari akavitazama. "Kwa hiyo kila mwezi uliruka kidonge?"

"Yaani mama, unagomea hata mwili wako!" bintiye akadakia.

Mama Spana akasimama tuli. "Basi nimejiua mwenyewe?"

"Hapana. Kidonge kimoja kwa mwezi hakikuleta haya, na dawa ni ileile. Seli za saratani yako zilikuwa zikipata amri ya kukua kupitia njia moja. Dawa iliiziba, nyingi zikafa. Chache zilizosalia zimepata njia nyingine, nazo zinazaana."

Mama Spana akakumbuka mgomo wa kiwandani. Siku kumi na moja walilala mbele ya lango kuu la kiwanda, wakiimba hadi sauti zikakauka. Marobota ya nyuzi hayakuacha kufika sokoni. Wakampiga mlinzi, maskini mtu wa watu, wakisema kahongwa. Kumbe malori yalipita uani, palipoingizwa makaa. Mlinzi alikufa bila kuombwa radhi.

"Nilikuja kumpiga mlinzi tena," akanong'ona. Bintiye hakuelewa.

"Nikate kipande cha uvimbe mpya," daktari akasema, "tujue seli zimepitia wapi, ndipo tubadili matibabu. Bila hivyo tutabahatisha."

"Mkipaziba huko, zitatafuta kwingine?"

"Huenda."

"Angalau wewe hunitilii maji kwenye ukweli." Akapanda kitandani mwenyewe, akafungua kifungo cha sketi. "Kata leo, mwanangu. Kesho nitakuwa nimeshapata wa kumlaumu."