Fimbo Kumi na Mbili za Kirolirwe

Alhamisi ya pili ya mwezi wa sita, mwaka wa 1968, Constance alikuwa ndani ya mfereji wa barabara ya Kirolirwe, akitoa matope kwa zamu ya mume wake, ambaye alikuwa amekufa miaka minne iliyopita. Kapita wa barabara, msimamizi aitwaye Viateur, alisoma majina kutoka daftari. Alipofika kwa Mbonigaba, Constance aliinua jembe.

"Iko hapa," alisema, kama kila Alhamisi.

Viateur alitia alama. Hakuwa mtu mbaya. Daftari lilitoka ofisini na jina lilikuwamo, basi jina lilidai siku zake. Juu ya kilima, maharagi ya Constance yalikuwa yamekauka, na maganda yalianza kupasuka na kumwaga mbegu chini. Kwake kulikuwa na mikono miwili tu.

Mara tatu alikuwa ameshuka ofisini, mwendo wa saa nne kwa miguu, kuomba jina lifutwe. Karani, Polycarpe, alimsikiliza vizuri mara zote tatu. Alimweleza kwamba ili mtu afutwe lazima iandikwe alikufa, na ili iandikwe alikufa Kirolirwe mwaka wa 1964, lazima kwanza barua itoke juu kusema kwamba Kirolirwe kulikufa watu mwaka ule. Barua haikutoka. Mwaka ule lori lilifika siku ya soko, likachukua watu watano, wakapatikana kesho yake wamekufa ndani ya mfereji huu huu. Hayo Polycarpe aliyajua, maana siku ile alikuwa sokoni akinunua viazi.

Siku hiyo ya matope, Viateur alipomaliza majina alitoa karatasi nyingine. Serikali inafanya sikukuu ya muziki, alisema, na imetenga msaada. Kikundi kiwe cha watu kumi na wawili, si chini. Kila mwimbaji atapata kikwembe cha kuvaa, chumvi, na karatasi ya kumsamehe kazi ya barabara mwaka mzima.

"Hata wenye hawajue kuimba?" mmoja aliuliza.

"We ukiimba, njo watatusamehe sisi wenye tunasikiliza," alijibu mwingine.

Constance hakucheka. Alikuwa amesikia neno moja tu, kusamehe.

Kirolirwe walikuwa na wimbo wa kupura maharagi. Watu wanasimama duara kuzunguka maganda, kila mmoja na fimbo yake, na kila fimbo ina mahali pake na sauti yake katika wimbo. Mtu akifa, fimbo yake haichomwi. Inalazwa chini pale aliposimama mwenyewe, na zamu yake ya kujibu ikifika wengine wananyamaza kadiri ya pumzi moja, kisha wanaendelea. Kwa hiyo kule watu wa wimbo hawahesabiwi kwa vichwa. Wanahesabiwa kwa fimbo.

Polycarpe alipouliza ofisini, "Kikundi chenu iko na bantu ngapi?", Constance alijibu kumi na mbili, kama ambavyo angejibu mama yake na bibi yake. Alitaja majina akifuata duara kichwani. Polycarpe aliandika, akapiga muhuri. Akiwa njiani kurudi, kwenye daraja la magogo, Constance aling'amua kwamba alikuwa amehesabu wafu pia, akaendelea kutembea.

"Uliandikisha bafu," alisema mzee Drocella, mwongoza wimbo.

"Niliandikisha fimbo, Mama."

"Na watano kati ya fimbo wako ku kaburi."

"Muhuri imeshapita."

Drocella alitafuna kidogo midomo yake. Alisema basi mazoezi ni Jumanne, watakaokuja waje.

Jumanne walikuja wote kumi na wawili. Wale watano walipanda kutoka upande wa mfereji, mmoja nyuma ya mwingine, na udongo masikioni. Emérita, mmoja wa wale saba walio hai, alisogea ili kuwapisha. Mbonigaba aliinama, akaokota fimbo yake, akaipangusa kwa kiganja.

"Umekonda," Constance alimwambia.

"Kule hakuna maharagi."

Wakapiga. Mbonigaba alichelewa pigo la tatu, kama zamani.

"Hata kufa haikukufundisha," alisema Drocella. "Anza tena."

Ikawa hivyo wiki tano. Jioni wale watano walirudi walikotoka. Constance alimsindikiza mumewe hadi ukingo wa mfereji, wakazungumza juu ya ng'ombe wa jirani aliyevunja ua, kisha kila mmoja alienda kwake.

Siku ya sikukuu uwanja ulikuwa na hema jipya, viti mia mbili vyenye mito, na bia kwa wakubwa. Kikundi cha Kirolirwe kiliimba cha tano. Kwa kuwa hakukuwa tena na mahali pa kunyamaza, wimbo uliisha mapema kuliko watu walivyouzoea, na wakubwa walipiga makofi wakiwa bado na glasi mkononi.

Polycarpe alikuwa kwenye meza, akihakiki majina. Constance alimshika Mbonigaba mkono, ambao ulikuwa baridi kama jiwe la kijito, akampeleka mbele ya meza.

"Papa Polycarpe, ulisema hauwezi kuandika bila barua ya juu. Mwenyewe huyu hapa. Sema, bwana yangu."

"Nilikufa," alisema Mbonigaba. "Siku ya soko, mwaka wa sitini na nne. Walitupiga risasi kwa mufereji. Mimi nilikuwa wa pili."

Polycarpe aliangalia udongo masikioni, na tundu la shati.

"Ulikuwa ukinunua viazi," Mbonigaba akaongeza.

"Nilikuwa nanunua viazi," alikubali Polycarpe. "Lakini, Papa, minakuona. Umesimama, umeimba, bakubwa wamekupigia makofi. Nikiandika ulikufa, watauliza nani aliimba. Weka kidole hapa."

Mbonigaba aliweka kidole. Kwenye karatasi pakabaki udongo, na ndani ya udongo mistari ya kidole ilionekana wazi.

"Na ile karatasi ya kusamehe?" Constance aliuliza.

Msaada ulikuwa umeishia kwenye hema na viti. Vikwembe vilikuwa njiani. Karatasi za kusamehe hazikuchapwa. Chumvi ilikuwapo, kopo moja kila mtu, na wale watano wakawapa wake zao.

Alhamisi iliyofuata Viateur alisoma majina. Alipofika kwa Mbonigaba, Constance alifungua mdomo, lakini mwingine alikuwa ameshajibu. Mbonigaba alikuwa amesimama mferejini, na wale wanne karibu naye. Viateur alitia alama. Baada ya wiki mbili aliona kwamba hawachoki, akawapimia vipande virefu zaidi, na hakuna sheria aliyovunja.

Constance akapata siku zake. Alivuna maharagi yaliyobaki, akayapura, akaweka mbegu. Hakushuka tena ofisini.

Mvua za mwezi wa kumi zilipoanza, shati la Mbonigaba lililegea mabegani likaanza kuanguka vipande. Jumamosi Constance alienda soko la Mweso, kwa muuza nguo kuukuu, akapekua rundo hadi akapata koti la sufu, zito, lililokosa kifungo kimoja.

"Hii ni ya mwanaume, Mama," alisema muuzaji. "Uko na bwana?"

Constance aliyapima mabega ya koti kwa mikono yake.

"Niko naye," alisema. "Anatumikaka kazi ku barabara."