Risasi Itakayoishia kwa Lonnie

Mume wangu Delmar ana ugonjwa ambao hakuna daktari anayeutibu: hawezi kuona risasi asitake kujua ikimwingia mtu itafika wapi. Wenzake wakistaafu huenda kuvua samaki. Yeye huchemsha jeli nzito, inayofanana na nyama ya mtu, kwenye masufuria yangu, huigandisha kwenye friji yangu mpaka iwe vibonge vya kupimia, kisha huenda nyuma ya ghala kuvipiga bastola na kuvichungulia kwa tochi. Nimegomba mpaka nimechoka, na mwishowe nikajikuta nami nachungulia.

Kwa hiyo mpwa wake, Corliss, aliponunua bastola alijua pa kuja. Lonnie, mume waliyeachana naye, alikuwa ameshamvunjia mlango mara mbili. Mahakama ilimpiga marufuku kusogea pale, lakini Lonnie hasomi, na polisi wa kaunti yetu wakijitahidi sana hufika baada ya nusu saa. Corliss anaishi kwenye nyumba ya trela, ndefu na nyembamba, pamoja na mama yake, Nadine, dada yake Delmar na wifi yangu mimi. Nadine miguu imemwishia, na akivua vifaa vyake vya kusikilizia hasikii hata radi.

"Nataka aina moja tu ya risasi, mjomba," Corliss alisema. "Imsimamishe Lonnie, na iishie kwake. Mama analala nyuma ya ukuta."

Hakuhitaji kutueleza. Akisimama koridoni na kuelekeza bastola kwa mtu aliyeingia mlangoni, nyuma ya mtu huyo kuna ukuta wa chumba cha Nadine, na kitanda kimeegemea ukuta huo huo.

Jumamosi wakaja wote wawili, na mfuko wa nguo, walale kwetu. Nadine alikataa kuachwa ndani, tukamweka kwenye pikapu na blanketi magotini, mlango wazi. Delmar akapanga vibonge viwili, akakifunika cha mbele kwa kitambaa cha jinzi, tabaka nne, kama wanavyofanya wapimaji wote.

"Huyo ndiye Lonnie?" Nadine akauliza.

"Ndiye."

"Kanenepa."

Risasi ya kwanza ilikuwa ya kichwa kizima, ya bei nafuu, ile ya kufanyia mazoezi. Ilipita kibonge cha kwanza, ikapita cha pili, ikaenda kulala kwenye udongo. Delmar akatikisa kichwa. Ya pili ilikuwa na tundu kwenye ncha. Hiyo iliingia, ikachanua, ikasimama katikati ya kibonge cha kwanza, na sote tukakimbilia kuitazama, hata mimi niliyeapa sitainuka kitini. Ilikuwa imefunguka petali sita, nzuri ajabu kwa kitu cha kuulia mtu. Ya tatu nayo ilikuwa na tundu, ila ya kampuni nyingine. Tundu likajaa nyuzi za jinzi, haikufunguka, ikapitiliza.

"Unaona, anti?" Corliss aliniambia, macho yamemtoka. "Zinafanana dukani, kumbe!"

"Ndiyo maana namwaga pesa," Delmar akasema.

"Pesa zetu," nikamrekebisha.

Ile ya petali akaipiga tena na tena; mara mbili alikikosa kibonge, na mara tatu alizokipata ikasimama pale pale. Delmar akatangaza mshindi kwa sauti ya mnadani. Corliss akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu majira ya baridi.

Hapo ndipo nilipowaharibia sherehe. Mimi nina mdomo, sikatai.

"Na Corliss akimkosa Lonnie?"

"Nitamfundisha," Delmar akasema.

"Wewe fundi, leo umekikosa kibonge mara mbili, na kibonge hakikukupigia kelele wala hakikukufuata."

Akakitazama kibonge. Miaka yote hiyo alikuwa akimpiga mtu aliyesimama kimya na kupokea. Ghalani kulikuwa na vipande vya jipsamu, zile mbao za chokaa za kujengea kuta, vilivyobaki tulipotengeneza trela ya Corliss, basi tukasimamisha ukuta kama ule wao, na nyuma yake kibonge kipya badala ya Nadine. Delmar akachukua jinzi.

"We!" Nadine akapiga kelele kutoka kwenye pikapu. "Nani analala na jinzi? Wifi, nipe gauni langu mfukoni."

Tukacheka, tukakivisha kibonge gauni lake la kulalia, la maua ya njano. Delmar akapiga kwa ile risasi bingwa.

Alifika wa kwanza na tochi yake. "Ajabu! Hebu njooni! Tundu limeziba kwa unga wa jipsamu, haikuchanua hata kidogo! Imekuwa kama ile ya kichwa kizima, imepitiliza kibonge chote!" Alikuwa na furaha ya mtoto, maskini, mpaka akainua uso. Corliss alikuwa amelishika gauni la mama yake, kidole kimetokea tunduni.

Tukajaribu nyingine zote. Hakuna hata moja iliyobaki ukutani. Roho iliniuma nikatamani nisingeuliza.

"Basi sitapiga," Corliss akasema.

"Usipopiga ataingia," akasema Nadine.

"Na nikipiga, mama?"

Nadine akaomba aletewe kibonge. Tukakiweka mapajani mwake, naye akaufuata mkondo wa risasi kwa ukucha, taratibu, kwa udadisi ule ule wa kaka yake.

"Mnahangaika na risasi siku nzima," akasema. "Nihamisheni mimi."

"Mama, dirisha lako."

Dirisha lile ndilo kazi yake ya kutwa. Linatazama shamba letu la ngano mpaka mwisho wa dunia, hakuna nyumba wala mti. Chumba cha Corliss, upande wa pili, kinatazama tangi la gesi.

"Ngano naijua," Nadine akasema. Kisha akageuza uso upande mwingine, na mimi nikajifanya natafuta viziba masikio.

Hawakulala kwetu. Tuliwapeleka alasiri ile ile, tukasukuma kitanda koridoni huku Delmar akitukana kila kona, tukakibana kando ya kile cha Corliss. Baadaye tukala supu ya maharage na nyama pamoja na mikate ya mdalasini, Nadine akiwa amejilaza kitandani, sahani kifuani.

"Haya," akasema, "sasa Corliss ataweka risasi ipi?"

Delmar akafungua mdomo.

"Yoyote, mama," Corliss akasema. "Upande ule hakuna mtu."