Kwa Nini Makokha Hakutaka Nifunguliwe

Makokha hajawahi kunipiga wala kunitukana, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angenipiga ningejua pa kuanzia.

Mimi ni Khalayi. Nilifunga uzazi nikiwa na miaka ishirini na sita, baada ya mtoto wa tatu kutoka kwa kisu kama wenzake wawili. Daktari alisema tumbo limechoka, nikatia sahihi mwenyewe, sikulazimishwa na mtu. Miaka miwili baadaye mume wangu wa kwanza, Odera, Mjaluo, akafa na lori lake pale Maungu. Nikabaki hapa Voi na watoto watatu na cherehani.

Makokha ni fundi wa reli, mtu wa kwetu Bungoma. Aliyemleta kwangu ni mama yake, Mama Tryphena. Alikuwa amekuja kumtembelea mwanawe, akaingia kwenye ushirika wa akina mama kanisani, akanisikia nikitoa ushuhuda: mjane, watoto watatu, nimefungwa. Wiki haijaisha, akanitumia mtu. Nikamwendea mwenyewe nikamwambia, "Mama, ulinisikia vizuri? Mimi sizai tena." Akanishika mashavu akasema, "Mwanangu, Mungu ndiye mpaji." Jamani! Mama mkwe gani anamtafutia mwanawe mjane asiyezaa? Nililia pale pale. Nilidhani nimekutana na malaika.

Miaka saba nimelipia huo umalaika wake. Kila Desemba tukienda nyumbani, wake wa ndugu zake walinipa watoto wao niwabebe, kisha wakaninyang'anya: "Usimzoee sana, shemeji." Nyuma yangu waliniita mama wa watoto wa Mjaluo. Mbele yangu pia, chakula kikichelewa. Makokha alikuwa akija baadaye, ananiambia polepole kwamba yeye alinichukua nilivyo na hana neno. Nami nikamwabudu, mjinga mimi. Nilizunguka mtaa wetu wa Mwakingali wote nikimsifu mpaka wenzangu wakachoka kunisikia.

Mwaka huu nimefikisha thelathini na saba. Nikasikia kuna daktari wa Mombasa anayekuja Voi kila Alhamisi, na anafungua waliofungwa. Sitadanganya, nilimtaka mtoto. Nilitaka kumpa Makokha, ndiyo, lakini nilimtaka pia kwa ajili yangu, wa kunikojolea mapajani na kuniamsha alfajiri. Yvonne wangu yuko chuo, wadogo zake wanaona aibu nikiwashika mkono barabarani.

Nikamwambia Makokha. Akaweka kikombe chini.

"Wacha tu, Mama Yvonne. Umekatwa mara tatu. Nikupoteze kwa sababu ya mtoto?"

Heh! Hata hilo nililipeleka cherehanini nikawasimulia wateja.

Nikaenda kwa daktari kivyangu. Akasoma faili la zamani, akasema mirija yangu ilibanwa kwa klipu tu, haikukatwa, kwa hiyo bahati ipo. Hakunificha kwamba makovu ni mengi na mimba ya nne itakuwa ya hatari. Halafu akanipa fomu na kikopo cha mbegu za mume. "Sishiki kisu mpaka nione kipimo cha mzee," akasema. "Simpasui mwanamke bure."

Alhamisi ya kwanza Makokha alikuwa kazini. Ya pili kichwa kilimuuma. Ya tatu akasema kikopo kilimwagika njiani. Nilimcheka. "Mwanaume mzima unaogopa kikopo?" Nilidhani ni haya tu.

Alhamisi ya nne haijafika, Mama Tryphena akashuka pale stesheni ya SGR. Alikuwa na kuku wawili kwenye kikapu, na nyuma yake kitinda mimba wake, Josephat, kijana wa miaka ishirini na minne, mabega mapana, ati amekuja kutafuta kazi ya mkonge Mwatate. Mama mkwe hajakaa vizuri, akanianza. "Funguliwa, mwanangu. Marehemu mzee wangu ananijia ndotoni. Anataka jina." Sisi watu wa kwetu hilo si mchezo. Marehemu akidai jina, lazima mtoto apatikane wa kulibeba. Nilifurahi, nikaona sasa tuko watu wawili dhidi ya woga wa Makokha.

Ila Josephat hakwenda Mwatate. Siku zote hizo alijilaza kwenye kochi langu akibonyeza simu, na mama yake akiniuliza kama ameshiba. Jumanne nikachinja kuku mmoja. Kwetu firigisi haina mjadala, ni ya mwenye nyumba. Kuna wanawake wamerudishwa kwao kwa kuila. Nikaiweka kwenye sahani ya Makokha. Mama mkwe akaichukua kwa vidole, akaihamishia kwa Josephat.

"Mama, umekosea sahani," nikasema.

"Sijakosea."

Nikamtazama Makokha. Alikuwa anafinyanga ugali, macho mezani. "Mwachie tu," akasema.

Mwachie tu! Mtu ananyang'anywa firigisi nyumbani kwake, mbele ya mkewe, ipewe mdogo wake, halafu anasema mwachie tu? Josephat akaila. Hata haya hakuwa nayo, alilamba vidole.

Nilimfuata mama mkwe jikoni. "Nieleze, na usinizungushe."

Hakunizungusha. Alikuwa anasugua sufuria, na hakuacha kusugua.

"Mwaka aliotahiriwa, Makokha alipata matumbwitumbwi. Tukamtwika mzigo wa kuni kichwani, kama tunavyowatibu watoto wote, auzunguke mti wa lusiola, autupie ugonjwa, arudi mbio bila kugeuka. Akageuka. Uvimbe ukashuka mpaka chini. Tukangoja upoe. Tulipomfikisha hospitali, wakatuambia huyu hatazaa."

"Makokha anajua?"

"Tangu siku hiyo."

"Na mimi? Siku ile kanisani?"

Ndipo akanitazama. "Nilikuwa nimezunguka makanisa matatu nikitafuta mtu kama wewe. Msichana anayezaa angemwaibisha mwaka wa kwanza. Aliyefungwa hamuulizi mtu maswali. Watu wakisema, wanamsema yeye."

Nilitaka kumpiga na hiyo sufuria. Mkono ulikuwa tayari.

"Ungetulia hivyo hivyo, hakuna ambaye angekusumbua," akaendelea. "Lakini umetaka mwenyewe kufunguliwa. Basi funguliwa. Josephat ni damu ile ile, na mzee atapata jina lake. Hicho kikopo Josephat atakipeleka kesho kutwa, kitaandikwa jina la kaka yake. Ukipona, Makokha ataomba kazi ya Mtito Andei, mwezi mmoja au miwili, Josephat abaki hapa. Amekubali. Wewe si ulisema unataka mtoto?"

Amekubali. Nilirudi sebuleni nikamkuta amewasha redio. Hakuniangalia. Nilikuwa na hasira iliyokataa kutoka kwa mdomo.

Jumatano saa kumi, akina mama wa ushirika wakaja kuniombea tumbo kabla ya daktari. Mama Tryphena ndiye aliyewaita. Walikuwa kumi na mmoja, wamejipanga mpaka mlangoni, Makokha katikati yao kwenye kiti, eti naye abarikiwe. Josephat kochini. Mama mkwe akaniwekea kiganja chake juu ya makovu yangu, akafumba macho, akaanza: "Bwana, lifungue tumbo hili, ukamwoneshe mtumishi wako Makokha uzao wake." Uzao wake! Na machozi yalimtoka, ya kweli.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Sista Emily, muuguzi wa yule daktari. Niliiweka spika, nikaiinua juu.

"Mama Yvonne, kesho daktari anakungoja. Msisahau kikopo cha mzee."

"Sista, futa jina langu."

"Ala! Kuna nini tena?"

"Andika hivi. Mume wangu hana mbegu. Hajawahi kuwa nazo tangu utotoni, matumbwitumbwi yalizimaliza. Alijua, mama yake alijua, wakanioa kwa sababu nimefungwa, ili tasa niwe mimi. Na kikopo ambacho mngeletewa kesho ni cha mdogo wake, huyu hapa kochini, ambaye wamemleta anizalishe. Umeandika yote?"

Sista Emily alikohoa. Mama mmoja nyuma, kwa mazoea, akasema, "Amina." Mama Tryphena aliondoa mkono tumboni mwangu. Josephat alitoka kwa mlango wa nyuma bila viatu.

Makokha hakuinuka. Alikaa pale pale huku wale wanawake wakifunga leso zao na kupita mbele yake mmoja mmoja, kila mmoja akimtupia jicho, na wengine hawakungoja kufika nje ndipo waanze kunong'ona. Nilimtazama wakimtazama. Niliona raha, sitasema uongo.

Walipoisha kutoka akauliza, "Sasa utaniacha?"

"Nikuache ili useme mke alikimbia? Siendi popote. Utakaa na mimi hapa hapa Voi, na kila anayekusalimu atakuwa anajua."

"Khalayi, nilikupenda."

"Ulipenda nilivyofungwa."

Akalia. Sikumpa hata kitambaa. Asubuhi nilimpeleka mama yake stesheni, nikambebea kikapu mwenyewe, nisije nikasemwa kwamba sina adabu.

Niliporudi ilikuwa saa nne, daktari alikuwa ameshafika. Nikaketi cherehanini, nikapitisha mshono mmoja mara tatu bila kuona ninachoshona. Nilimtaka yule mtoto. Ningeenda. Haki ya Mungu, ningeenda hata na kikopo cha Josephat, kama wangeniuliza kwanza.