Mibuni ya Mwaka wa Vita

Masika ya mwaka sabini na nane, Wilibrodi aliuza maksai wake akanunua miche ya kahawa. Majirani zake wa Oldeani walimwona amechanganyikiwa: mtu anauza ng'ombe wa kulimia ili apande kitu kitakachomlisha baada ya miaka mitatu? Mkewe Lusia ndiye aliyechimba naye mashimo, mtoto wao Hyasinta akiwa mgongoni.

Kabla ya Krismasi Wilibrodi, aliyekuwa mgambo, aliitwa vitani Kagera. Siku ya kuondoka alimwambia mkewe, "Using'oe hata mche mmoja. Vita itakwisha, kahawa itabaki."

Vita ilipandisha bei ya mahindi. Patrisi, kaka yake Wilibrodi, akaja kumtaka Lusia afyeke kahawa, wapande mahindi kwa ubia.

"Shemeji, mwenye shamba huenda ameshakufa," alisema. "Unamtunzia nani?"

"Namtunzia Hyasinta."

Asubuhi moja Patrisi alirudi na panga, akaanza kufyeka bila hata kusalimia. Lusia alipomshika mkono, alimpiga usoni kwa ubapa wa panga. Lusia akaanguka, akatema jino pamoja na damu. Aliinuka na jembe, akamshushia mpini begani, mfupa ukalia kama kuni kavu. Patrisi alipiga magoti katikati ya miche, akatapika. Majirani walipofika walimkuta Lusia bado ameinua jembe, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Mtoeni kwenye shamba la mume wangu," aliwaambia.

Walimbeba Patrisi hadi zahanati. Bega lile halikunyooka tena, naye hakurudi.

Wilibrodi alikuja mwaka uliofuata, mzima wa viungo, na ukoo ukamchinjia mbuzi. Lusia alimshika mkono ampeleke akaone mibuni yake, sasa imefika kiunoni. Wilibrodi alisimama ukingoni mwa shamba, akageuka kurudi nyumbani.

Kisha mchana mmoja, ukungu wa msitu wa Ngorongoro ukiwa umeshuka hadi mashambani, Lusia alisikia mlio wa panga. Alimkuta mumewe akikata mibuni, akikata na kuita kwa sauti majina ambayo Lusia hakuwahi kuyasikia.

"Baba Hyasinta," alimwita, akimsogelea. "Baba Hyasinta, ni mimi."

Wilibrodi aligeuka, lakini macho yake hayakumtambua. Panga lilimpata Lusia chini ya kiwiko likafika mfupani. Hakukimbia. Alimkumbatia kwa mkono uliobaki mzima, wakaanguka pamoja juu ya matawi yaliyokatwa, damu ikiwalowesha wote wawili, akambana hivyo mpaka vidole vyake vikaachia panga.

Wilibrodi alivua shati akaufunga ule mkono kwa nguvu. Ndipo akaanza kusema.

"Huko kulikuwa na mashamba ya kahawa. Wenzangu tuliwaokota chini ya mibuni kama hii, inzi wamejaa midomoni. Wengine hawakuwa na vichwa."

"Ungeniambia."

"Mimi ndiye niliyekuachia uilinde. Ningeanzaje kukuambia?"

Hawakung'oa kitu. Visiki vilichipua, na mibuni iliyosalia ilizaa mwaka wa themanini na moja, wakati maduka ya Karatu hayana sabuni wala sukari, na waliopata faida ya mahindi ya vita wameshaila yote. Lusia alichuma kwa shida, kwa maana vidole vya mkono uliojeruhiwa havikukunjika vizuri. Wilibrodi alilima maharage upande wa bondeni. Kwenye kahawa hakukanyaga. Lakini buni zikishaanikwa uani, aliketi hapo kando, akachambua zile mbovu na kuzigeuza nyingine juani.

Siku moja mkewe alimuuliza kama kahawa ile haimsumbui.

"Inanisumbua," alisema, akaendelea kuchambua.