Mdomo wa Bomba

Fundi Marko alipoomba kwa mara ya tatu azunguke nyuma ya ukuta, na bosi akamjibu kwa mara ya tatu kwamba nyuma ni kwa mama, nilihisi kichwa kinataka kupasuka.

Mimi ni Jesca, mfuaji wa nyumba ya wageni hapa njiapanda ya Mkiwa. Wanaolala kwetu ni madereva wa malori, na kila siku nafua shuka za vyumba kumi na vinne. Kiangazi sina shida, upepo wetu unakausha shuka ya kwanza kabla hujaanika ya tatu. Ni kwa sababu ya mvua bosi Alute alinunua mashine ya kukaushia nguo. Mwaka jana ilifanya kazi vizuri. Mwaka huu, tangu Januari, unaiwasha saa nzima, shuka zinatoka za moto lakini mbichi, kama viazi vilivyoepuliwa kabla ya wakati.

Shuka mbichi ikikunjwa inanuka. Dereva mmoja alilalamika, akafuata wa pili. Bosi hakuikagua mashine, alikagua watu. Joyce, mwenzangu kazini kwa miaka minne, akaambiwa ni mvivu, anatoa nguo mapema ili akalale. Joyce huyo anayeamka saa kumi alfajiri! Akabebeshwa pia kosa la foronya mbili zilizopotea. Jumatatu akafukuzwa, akarudi kwao Ulemo na mtoto mgongoni. Nilikuwepo. Nilijua anasingiziwa, nikaendelea kukunja shuka kwa sababu nami nina watoto. Hilo linaniuma kuliko yote.

Sasa Marko alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine iliyokuwa ikiunguruma, bisibisi mkononi, jasho linamtiririka.

"Bosi, mashine hii haiumwi. Chujio safi, koili ya joto mpya. Inachemsha hewa, lakini ile hewa haina pa kutokea, inarudi na mvuke wake kwenye nguo. Niruhusu nikaone mdomo wa bomba la kutolea hewa huko nje, dakika moja tu."

"Fundi, kule ni uani kwa mama. Huwezi kumvamia mzee na bisibisi. Badilisha koili."

"Nilibadilisha wiki iliyopita."

"Badilisha tena!"

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilitupa beseni chini, nikatoka, nikapenya ua wa minyaa ambao hakuna mfanyakazi aliyewahi kuuvuka bila kuitwa.

Mama mzee, mama yake bosi, alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua majani ya mlenda. Hata kwa hasira ile nilipiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikainua macho ukutani. Kwenye mdomo wa bomba zilining'inia foronya mbili, moja ndani ya nyingine, zimefungwa kwa kipande cha kanga, zimejaa majani mabichi mpaka zimetuna. Foronya zetu. Foronya za Joyce.

"Umeona?" mama mzee akasema kwa furaha. "Kwa mvua hii mlenda wote ungenioozea. Kumbe ukutani panatoka joto la bure! Siku tatu tu majani yamekauka, na ukijani wake uko vilevile."

Nilikumbuka mlenda mkavu aliotupikia. Mezani tuliusifia wote, na Joyce siku yake ya mwisho aliomba aongezewe.

Nilifungua kile kipande cha kanga, foronya zikaanguka, na hewa ya moto ikanipiga usoni na harufu ya majani yaliyochemka. Ndani nikasikia mashine ikibadilisha mlio. Marko akapiga kelele, "Hiyooo!"

Bosi alikuja mbio. Alitazama bomba, akatazama foronya, akanishika mkono na kunivuta kando.

"Mama asiambiwe kuwa ndiye aliyeziba bomba," akanong'ona. "Tutasema ndege alijenga kiota."

"Na Joyce?"

"Joyce ameshaondoka. Yaliyopita si ndwele."

"Kwake ni ndwele!" Sauti ilinitoka yote, na sikutaka kuizuia. "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni! Umemwita mvivu. Umemwita mwizi. Mwizi wa foronya hizi hapa!"

"Joyce kaiba nini?" mama mzee akauliza nyuma yetu.

Bosi akakodolea macho viatu vyake. Basi nikamwambia mimi, mbele ya mwanawe, kuhusu shuka, foronya na yule mtoto mgongoni. Sikulainisha hata neno moja.

Mama mzee aliinama, akaokota foronya moja. Kisha akasema polepole, "Ni mimi niliyemwambia Alute amwondoe. Nilisema shuka zinanuka kwa uvivu wa yule binti."

Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga safi, na mkononi ana mfuko mkubwa uliojaa mlenda mkavu.

"Basi la kwenda Ulemo linapita saa ngapi?"

"Mama, barabara ina matope. Nitampigia simu," bosi akasema.

"Wewe piga simu kwa kosa lako, umwambie arudi kazini. La kwangu nalipeleka mwenyewe."

Tulimsindikiza mpaka lango. Mfuko ulimwelemea, akawa anauhamisha mkono huu na ule. Kwetu mzee hawezi kubeba mzigo kijana yupo, unampokea kabla hata hujamwamkia. Bosi akanyoosha mkono, akakataliwa. Kisha mama mzee akasimama, akautua mfuko mbele yangu, akanitazama na kusubiri. Nilimwelewa. Ningeupokea, ningekuwa nimemsamehe kwa niaba ya Joyce, na kila kitu kingekuwa kimeisha.

Mikono yangu ilikuwa mitupu, na sikumpokea. Akainama, akauinua tena, akaenda nao barabarani peke yake.