Kasha la Pangani Mbele ya Ofisi ya Nafasi

Usiku wa jana niliota masanduku yangu yamepanga foleni, kila moja limeshika kifuniko chake kifuani kama mtu aliyevua kofia msibani.

Asiyenijua atasema nililalia kiporo, kwa hiyo nieleze. Naitwa Siwazuri, naishi Ngamiani, Tanga, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya masanduku ya kale. Nina vijaluba vya tambuu, mabweta ya msandali, makopo ya bati yenye picha za maua, na kasha moja kubwa la misumari ya shaba nililolikuta Pangani kwa bwana mmoja aliyekuwa akiatamishia kuku ndani yake. Yote hukaa chumba cha mbele. Na tangu masika yaangushe nyumba ya wifi yangu Mwantumu, dada mkubwa wa mume wangu, chumba hicho hicho ndicho anacholala, ubavu mmoja, kwa kukosa pa kugeukia.

Jana jioni aliniambia kwa upole kwamba mtu wa mkokoteni atakuja asubuhi kuyapeleka masanduku mnadani. Mume wangu aliinamia sahani yake. Mimi nilikwenda kulala bila kula.

Sasa ndotoni, chumba cha mbele kina kaunta. Nyuma ya kaunta ameketi Mwantumu, amevaa miwani isiyokuwa yake na kujitundika shingoni futi ya fundi cherehani. Ukutani pameandikwa: OFISI YA NAFASI.

"Kanuni ni moja," anasema. "Kinachokula nafasi kinatoka. Kinachotoa nafasi kinabaki."

Namuuliza kama naweza kukata rufaa. Ananijulisha kwamba rufaa zilihamia Korogwe.

Kijaluba cha fedha kinaitwa kwanza, kwa kuwa ndicho kizee kuliko yote. Kinaulizwa kazi yake. Kinaeleza kwa adabu kwamba kimewahi kutunza tambuu za maharusi, na kwamba walionuna wote walicheka kilipofunguliwa. Mwantumu anauliza ni nani anayekula tambuu nyumba hii. Kijaluba kinainamisha kifuniko.

Nasema haraka kwamba siku hizi kinaweka vifungo. Mume wangu, ambaye kumbe amesimama kando muda wote huo na shati wazi hadi kitovuni, anasogea bila kusemeshwa. Kijaluba kinafunguka. Vifungo vinaruka kimoja kimoja na kujishona vyenyewe shatini. Mume wangu anakishukuru kijaluba. Mimi hanishukuru.

"Kinabaki," anasema Mwantumu, bila furaha.

Linafuata bweta la msandali, nalo linakohoa. Kila anayenitembelea huwa namwambia sanduku la kale lisifungwe siku nzima, liachwe wazi lipumue. Nalipeleka dirishani na kuliambia livute pumzi. Linavuta. Pazia linaingia ndani yake, kisha dirisha, kisha ukuta, kisha mtaa wetu wote na mbuzi wa jirani. Linapotoa pumzi, tumesimama stesheni ya Korogwe, kunanukia msandali kila mahali, na mbuzi yupo salama.

Mwantumu anatazama huku na huku. Kaunta imekuja naye. Namwambia ni afadhali, maana rufaa zinasikilizwa hapa hapa. Anakiri kwamba kisheria sikukosea.

Linabaki kasha la Pangani. Linakuja polepole, kwa kuwa miguu yake ni mifupi na jukwaa la stesheni ni refu. Mwantumu anatoka nyuma ya kaunta, anapiga magoti, analipima kwa futi yake. Halafu anapima tena. Halafu anakaa kitako chini.

"Ni sawasawa na godoro langu," anasema.

Sauti yake si ya ofisi tena. Anasema, pasipo kuniangalia, kwamba hana haja ya kumnyang'anya mtu kitu chake. Anachotaka ni mahali pa kunyoosha miguu tu. Toka nyumba yake ianguke hajawahi kulala chali, na akilala ubavu anauona ule ukuta ukija.

Anayemjibu ni kasha.

"Viatu," linasema.

Mwantumu anauliza viatu vya nani.

"Vyako. Nyumba ya watu haiingiwi na viatu."

Anavivua. Anaviweka pamoja, kushoto na kulia, pembeni mwa kasha. Mimi nashika kifuniko, ambacho kwa kawaida huniachia maumivu ya mgongo, na kinanyanyuka kwa kidole kimoja. Ndani kuna ngazi. Tunashuka.

Tunatokea kwenye ua mpana, kuta zake zimepakwa chokaa, katikati kuna kisima. Vyumba vimeuzunguka ua pande zote, milango iko wazi, na katika kila chumba pana kitanda kimetandikwa. Kuku watatu wa Pangani wanapita, wanatuamkia, wanaendelea na shughuli zao.

Mwantumu anaanza kupima. Futi inaisha kabla hajafika kisimani. Anaunga leso yake, nami naunga yangu, mume wangu anatoa shati lenye vifungo vipya tunaliunga nalo, na bado hatujagusa ukuta wa pili. Treni inaingia stesheni juu yetu. Abiria wanashuka, wanavua viatu, wanateremka na mizigo yao, na kila mmoja anapata chumba. Hakuna anayesukumana.

Kwenye pembe ya mbali imesimama nyumba ya Mwantumu, nzima, na ule ukuta wake ulioanguka umejengwa upya, udongo bado mbichi. Anauwekea kiganja. Anausukuma kidogo. Hauondoki.

Basi anarudi katikati ya ua, analala chali, ananyoosha mikono na miguu, na kukaa hivyo mbele za watu bila kuona haya. Mtu mzima yule. Kisha anaomba muhuri. Anaupiga juu ya kasha, juu ya mabweta, juu ya makopo yote ya bati, na kwa kuwa bado ana nguvu anaupiga pia kwenye paji la uso wa mume wangu.

"Vinabaki," anatangaza. "Vyote."

Masanduku yanapiga vifuniko. Wanawake wa Ngamiani, ambao sijui wamefikaje, wanapiga vigelegele na kunibeba juu kwa juu kuzunguka kisima, mimi niliyekwenda kulala bila kula, na nawapungia mkono wote kama mtu aliyezoea.

Nikaamka kumekucha. Nje mtu alikuwa anabisha hodi.

Nilipojifunga kanga na kutoka, mtu wa mkokoteni alikuwa ameshalitoa kasha, limekaa kwenye mchanga mbele ya nyumba. Mwantumu alikuwa anamwelekeza alishike upande gani lisije likamponda. Alisogea ili amsaidie. Alipofika karibu na kasha akasimama, akainama, akavua viatu. Akaviweka pamoja, kushoto na kulia, pembeni mwa kasha.

Halafu akabaki peku pale barabarani, akivitazama. Mtu wa mkokoteni naye alivitazama.

"Wifi," akasema baadaye, taratibu, macho yake yakiwa kwenye kifuniko, "mwambie huyu baba alirudishe ndani."