Mkono wa Kinyozi

Asubuhi ya mkutano, kinyozi alimnyoa ndevu meneja wa kampuni ya umeme. Meneja alijitazama kwenye kioo, akaridhika. "Mtu kama wewe ndiye tunayemtaka akae mbele," alisema. Kinyozi akampaka spiriti kidevuni, akafurahi kuliko ilivyostahili.

Jana yake wenyeji wa bonde walikuwa wameshaafikiana. Ardhi ni yao tangu enzi za mababu, na sheria inataka ridhaa yao. Basi bwawa la kampuni halijengwi mpaka waambiwe makaburi yatakwenda wapi. Mama mkwe wa kinyozi alikuwa na mume na watoto wawili waliozikwa ukingoni mwa mto. "Mama, mimi nipo," kinyozi alimwambia.

Mkutano ulifanyika darasani. Meneja alieleza habari za mitambo, kisha akauliza nani anakubali bwawa lijengwe. Watu walitazama madawati. Meneja akamgeukia kinyozi, akatabasamu kama wanavyotabasamu watu wanaojuana. Kinyozi aliona haya kumwangusha mgeni mbele za watu. Akanyoosha mkono.

Waliokaa nyuma wakadhani kuna jambo limebadilika huko mbele, nao wakanyoosha yao. Karani alihesabu, akasema imetosha, shusheni. Wakashusha. Wa kinyozi ukabaki juu.

Haukumuuma. Ulikataa tu kushuka. Alitoka akiinama ili usigonge fremu ya mlango. Nyumbani mkewe alimtazama, akachukua mkasi, akalipasua shati ubavuni ili alivue.

"Mama amesikia?" kinyozi aliuliza.

"Mama alikuwepo, baba watoto. Alikaa nyuma yako."

Mkono wa kushoto haukujua kazi, na masikio ya wateja yalianza kuumia. Kinyozi akafunga duka. Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi. Huyu sasa hakuweza kunyoa hata wenzake. Hakuna aliyemcheka. Walimsalimia kwa adabu, wakipita upande ule ambao mkono ulikuwa chini.

Mkutano wa pili ulihusu makaburi. Kinyozi alikaa nyuma kabisa. Nani anakubali yahamishwe? Karani akahesabu mmoja.

Kinyozi akasimama. "Mimi sikubali! Nasema sikubali!"

"Mzee wangu, tunahesabu mikono," karani alisema kwa upole. "Maneno hatuna pa kuyaandika."

Wengine wakaona maji yameshamwagika, wakanyoosha nao.

Mkutano wa tatu ulikuwa wa kuhamisha nyumba, na kinyozi hakwenda. Karani alipita na gari, akauona mkono umetokeza juu ya ukuta wa ua, akauhesabu.

Mafundi walihamisha mawe ya makaburi. Waliokuwa chini ya mawe hawakuhamishwa, maana muda ulikuwa umekwisha. Maji yakapanda.

Mama mkwe akahamia kwa binti yake, katika nyumba mpya ya mlimani. Nyaya za umeme zilipita juu ya paa bila kushuka. Hakumsema mkwewe hata siku moja. Alimpakulia chakula, na binti yake akiwa kisimani, alimfunga vifungo vya shati. Kinyozi alitazama pembeni mpaka amalize.

"Angenitukana," alimwambia mkewe, "ningepata usingizi."

"Hatakutukana. Wewe ni mkwe."

Alasiri moja kinyozi na mama mkwe walikuwa wamekaa kibarazani. Boti ya kampuni ikakatiza bwawani, imejaa wageni waliovaa makoti ya kuelea. Mmoja akauona mkono, akawaonyesha wenzake. Wakafurahi sana. Wote wakasimama, wakapunga.

Kinyozi akainamisha uso.

"Wamekuona, mwanangu," mama mkwe alisema, naye akaendelea kutazama pale ambapo maji yalikuwa na kina.